Mwihaki na Kamba wa Kisaju

Watu wa ploti waliposikia kwamba mke wa Mugo ameweka tangi la kioo sebuleni ili afuge wadudu wa majini, walisema ugonjwa sasa umempanda kichwani. Mwihaki aliyasikia maneno hayo kupitia ukutani, maana nyumba za kupanga za Kitengela hazina siri, na hakujali. Mtu ambaye kila wiki damu yake hutolewa mwilini, ikapitishwa kwenye mashine, kisha ikarudishwa, hana nguvu za kugombana na ukuta.

Zamani alikuwa fundi wa nguo. Alikuwa na cherehani yake kwenye kibaraza cha duka moja karibu na stendi, akishona sare za shule, na Januari ilipokaribia wazazi walimzonga mpaka akakosa pa kuweka miguu. Kisha akapata mimba. Presha ikapanda, mtoto akazaliwa kabla ya wakati wake, na hakulia. Mwihaki alirudi nyumbani mikono mitupu, miguu imevimba, akidhani uvimbe ule ni wa huzuni. Haukuwa wa huzuni. Figo zake zilikuwa zimekufa.

Tangu hapo Jumanne na Ijumaa zikawa za mashine ya kusafisha damu, katika hospitali ya Kajiado. Alipasuliwa mkono wa kushoto, mshipa ukaunganishwa na mshipa, na mahali hapo pakawa panavuma chini ya ngozi kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Mkono huo haukuweza tena kusukuma kitambaa. Cherehani ikauzwa, ikabaki meza yake tu.

Lakini kilichomtesa zaidi ya sindano ni kiu. Figo ikifa, maji unayokunywa hayana pa kutokea. Yanashuka miguuni, yanapanda usoni, mwisho yanaingia mapafuni. Aliruhusiwa kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni, chai humo humo, mchuzi humo humo. Alijifunza kumung'unya kipande cha barafu kama peremende. Alijifunza kusukutua na kutema. Mumewe Mugo, dereva wa lori la kokoto, aliacha kunywa maji mbele yake. Akirudi kazini amejaa vumbi, alipitia bombani kwanza, akaingia ndani akijifuta mdomo kwa mkono wa shati. Mwihaki aliiona ile mikono ya shati iliyolowa.

Huko Kajiado, kiti cha karibu na chake, kile cha dirishani, kilikuwa cha kijana mmoja wa Kimasai aliyeitwa Parsaoti. Alitoka Kisaju, alikuwa mrefu na amekonda, na alikuwa amekatiza masomo ya chuo baada ya figo zake kuharibika. Alikuwa hawezi kunyamaza. Siku moja, damu zao zikizunguka kwenye mirija, akamnyooshea Mwihaki simu yake.

"Auntie, cheki watoto wangu."

Mwihaki akaona maji ya kijani, majani laini, na vitu vyekundu vidogo vikitembea juu ya mawe kwa miguu myembamba kama nyuzi.

"Hao ni wadudu gani?"

"Ni kamba."

"Kamba? Ya kufunga mbuzi?"

Parsaoti alicheka mpaka mashine yake ikaanza kulia, na muuguzi, Sista Roda, akaja mbio. "Parsaoti, ukinivunjia sindano leo utajua mimi ni nani," alisema, akanyoosha mrija, akaondoka huku naye akitabasamu.

Walikuwa kamba wa maji yasiyo na chumvi, aliye mkubwa kabisa hafiki urefu wa fundo la kidole. Parsaoti aliwanunua kwa mtu wa Nairobi wakati bado yuko chuoni, wakazaana.

"Mzee wangu ananiuliza, hii mifugo yako inakamuliwa wapi," alisema. "Aliapa hataingia hiyo chumba. Lakini mimi nakaa nao tu. Hawapigi kelele, hawana haraka. Wanachagua-chagua chakula kwenye mawe siku nzima. Ukiwaangalia, auntie, unasahau kiu."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomshika Mwihaki.

Fundi wa madirisha, Wanyama, alimtengenezea tangi kwa vioo vilivyobaki kwenye kazi zake, akaviunganisha kwa gundi nyeupe ya silikoni. Wakaliweka juu ya ile meza ya cherehani. Kila Jumanne na kila Ijumaa Parsaoti alimpa somo, na Mwihaki akaenda nalo nyumbani. Mawe madogo ya mtoni yaoshwe mpaka maji yatoke meupe, tena bila sabuni. Dawa ya mbu isipulizwe tena katika nyumba ile. Ndani kuwe na sponji iliyounganishwa na pampu ndogo ya hewa, ili maji yapite kwenye sponji mchana na usiku.

Maji yenyewe ndiyo yalikuwa shida. Maji ya visima vya Kitengela yana chumvi. Sufuria ya chai huota ukoko mweupe ndani ya wiki. Ouma, fundi wa mashine pale hospitalini, akakubali kumjazia dumu la yale maji yaliyochujwa kwa ajili ya kusafishia damu.

"Hayo ni safi kupita kiasi," Parsaoti alimwonya. "Hayana kitu ndani. Kamba hawezi tengeneza ganda. Changanya na ya kisima kidogo, kidogo tu. Na usiwahi mwaga mengi mara moja, utawaua."

"Sasa hao kamba utaniletea lini?"

"Bado. Tangi lazima likomae."

"Likomae kama ndizi?"

"Auntie, sikia. Hao wakijisaidia, uchafu wao unageuka sumu. Lazima kwanza vijidudu vizuri vikae kwenye sponji, vya kuondoa hiyo sumu. Hiyo inachukua mwezi, hata zaidi. Ukiweka kamba leo, watakufa ndani ya uchafu wao wenyewe." Akainua mkono wake wenye mirija, akautikisa kidogo. "Si hii story unaijua."

Basi Mwihaki akawa anakaa mbele ya tangi lisilo na kitu, akisikiliza pampu ikipuliza mapovu. Alikuwa amezoea kungoja. Kulikuwa na jambo jingine kubwa alilokuwa akilingoja.

Alikuwa na ndugu mmoja tu, Githongo, kitinda mimba wa mama yao, mkulima wa nyanya na vitunguu kule Illasit. Mama yao alipofariki Githongo alikuwa bado hajaota ndevu, na Mwihaki ndiye aliyemlea. Figo zilipokufa, Githongo alikuja mwenyewe bila kuitwa, akapimwa, na daktari akasema wanalingana kabisa. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani, akasema mbele ya watu wote kwamba atampa dada yake figo moja. Wamama walipiga vigelegele. Mwihaki alilia mpaka kitambaa cha kichwa kikalowa. Wakati huo alidhani mambo yamekwisha.

Halafu yakaja maneno ya kungoja mvuno. Baada ya mvuno, mke wake alikuwa mgonjwa. Baada ya hapo simu ilianza kuita bila kupokewa, na mwishowe haikuita kabisa.

"Network ya huko ni mbaya," Mwihaki alimwambia Mugo.

"Ndiyo," Mugo akajibu, "ni mbaya," akaendelea kufungua viatu.

Ijumaa moja Mwihaki aliingia wodini akakuta kiti cha dirishani kimetandikwa shuka safi. Sista Roda alikuwa akipanga sindano na hakuinua macho.

"Parsaoti amechelewa?"

"Nipe mkono, mama."

"Sista, nimekuuliza."

"Ni juzi. Moyo ulisimama akiwa nyumbani." Sista Roda akashika ule mkono mwenyewe. "Usikaze. Ukikaza utaumia."

Alizikwa Jumanne, na Jumanne ni siku ya mashine. Mwihaki alilala pale, damu yake ikitoka na kurudi, wakati wanamfukia.

Alikwenda Kisaju wiki iliyofuata. Mugo alimpeleka kwa lori, likiwa tupu, likigonga-gonga kwenye njia ya mawe mpaka kwenye boma lenye nyumba ya mabati na miti michache ya miiba. Mama wa Parsaoti, Nalotuesha, alitoka amejifunga shuka kifuani, kichwa kimenyolewa upya.

"Takwenya, yeyo," Mwihaki alisalimu. Salamu hiyo, na kumwita mama yeyo, alifundishwa na Parsaoti.

"Iko," mama akaitikia. Akautazama mkono wa kushoto wa mgeni, pale palipovimba, na akajua ni nani. "Wewe ni ule mama wa kiti."

"Ndiyo mimi."

Walikaa kwenye chumba cha marehemu. Tangi lilikuwa bado lipo juu ya sanduku la chuma. Pampu ilikuwa imezimwa. Maji yalikuwa yamefunga ukungu, na kamba wengi walikuwa wamelala ubavu, wamekuwa wa rangi ya waridi kama waliochemshwa.

"Baba yake alizima," Nalotuesha alisema. "Anasema hiyo sauti inafanana na mtu anapumua. Alitaka kumwaga. Nikamwambia ngoja."

Mama akasogea karibu.

"Nakerai, mtoto wangu, nataka kuuliza wewe kitu. Hapa nyumbani alikuwa anacheka tu. Kila siku kucheka. Huko kwa mashine, alikuwa anasikia uchungu?"

Mwihaki alikumbuka siku ambazo Parsaoti alitapika ndani ya karai huku amemshika Sista Roda kiuno kama mtoto. Alikumbuka misuli ya miguu ikimkaza mpaka akauma blanketi. Alimtazama yule mama aliyenyoa kichwa.

"Alikuwa anasikia, yeyo," alisema. "Sana. Lakini akimaliza, kitu ya kwanza alikuwa anaitisha ni simu yake, atuonyeshe hawa."

Nalotuesha akaitika kwa kichwa, mara nyingi, taratibu. "Nilijua," alisema. "Hakuna mtu anacheka hivyo bure." Kisha akachukua bakuli na kuanza kuteka wale waliokuwa bado wanatembea, mmoja mmoja, kwa mkono uliotulia kabisa, akiwatia kwenye ndoo aliyokuja nayo mgeni.

Nyumbani Mwihaki aliwatia tangini kidogo kidogo kama alivyofundishwa, akichanganya maji yao na maji yake kwa kikombe mpaka mgongo ukauma. Siku za kwanza walijificha. Baadaye wakatoka, wakapanda juu ya sponji, wakaanza kula kwa ile mikono midogo isiyotulia. Asubuhi moja alikuta mwili mweupe, mtupu, umelala juu ya mawe, akadhani ameua. Kumbe ni ganda tu, mwenyewe amelivua na yuko nyuma ya jani akingoja jipya liwe gumu. Kisha mmoja wa majike akaonekana amebeba mayai chini ya tumbo, anayapepea kwa miguu bila kupumzika. Mwihaki alimwita Mugo aone. Mugo aliinama na tochi ya simu, akatazama muda mrefu.

"Sasa huyu atazaa wangapi?"

"Hata sijui. Parsaoti hakunifikisha hapo."

Mwihaki hakuacha kusikia kiu. Katika hilo kijana alidanganya, au pengine kwake lilikuwa kweli. Lakini saa za mchana, ambazo zamani alizipitisha akiitazama jagi, sasa alizipitisha akitazama tangi.

Githongo alikuja mwezi wa nne, mvua ikinyesha. Hakupiga simu. Alibisha hodi adhuhuri, Mugo akiwa kazini, akaingia na sanduku la nyanya begani, nyanya nzuri, nyekundu, akaliweka mezani mbele ya dada yake. Mwihaki alilitazama lile sanduku. Nyanya ni miongoni mwa vyakula vya kwanza alivyokatazwa. Zina madini ambayo figo zilizokufa haziwezi kuyatoa, nayo husimamisha moyo. Githongo alikuwa amekaa ndani ya chumba cha daktari siku ile walipoambiwa.

"Umekonda," Githongo alisema.

"Kaa. Nikupikie chai."

"Usisumbuke."

Akakaa. Akalitazama tangi kwa sababu lilikuwa mbele yake, akauliza ni nini, akaelezwa, akaitikia bila kusikia. Maji ya mvua yalikuwa yakimtiririka kutoka kwenye nywele. Mwihaki akamletea taulo.

"Mwari wa maitu," Githongo alisema mwishowe, akimwita dada yake kwa Kikuyu kama alivyomwita alipokuwa mtoto. "Sitaweza."

Mwihaki alikaza macho kwenye sanduku la nyanya.

"Si mke wangu amenikataza. Watu watasema ni yeye. Ni mimi. Nikilala naota nimefungwa kwenye ile mashine, niko karibu na wewe, sisi wawili. Niko na watoto watatu. Hii ingine ikiharibika mimi nitafanya aje? Mimi ni wa jembe, mwari wa maitu. Mimi si wa ofisi."

"Daktari alikuambia moja inatosha mtu."

"Alisema. Lakini wewe ulikuwa na mbili."

Nje mvua ilikuwa ikipiga mabati. Mwihaki alitaka kumkumbusha kanisani, alitaka kumkumbusha mgongo uliombeba. Maneno yalifika kooni, na hapo kooni palikuwa pakavu mno. "Kunywa chai kabla haijapoa," alisema.

Githongo alikunywa yote, kwa haraka, kama mtu aliyepewa adhabu. Mlangoni alisema pole. Akasema tena pole. Mwihaki alimshikia mlango mpaka akateremka ngazi.

Alipofunga, alikwenda jikoni akachukua jagi. Hakukusudia kufa, baadaye alimweleza Sista Roda hivyo, naye Sista Roda hakusema kama anaamini au haamini. Alisikia kiu tu. Alikunywa akiwa amesimama, maji yakimwagikia kifuani, akajaza tena, akanywa. Yalikuwa ya kisima, yana chumvi, na hakuwahi kuonja kitu kitamu kama yale. Alikunywa hata yale ya barafu yaliyokuwa yakiyeyuka kwenye bakuli. Kisha akakaa sakafuni, mgongo ukiegemea sinki, akalia.

Mugo aliporudi magharibi alimkuta amekaa vile vile, midomo ya bluu, anavuta pumzi kama mtu anayepanda mlima, kila pumzi ikibubujika. Alimbeba mpaka kwenye lori.

Alilazwa siku kadhaa. Walimvuta maji, wakamwekea hewa ya mtungi, na Sista Roda akamsimamia mashine hata siku ambazo hazikuwa zake. Mugo alikuwa akija, anakaa, anaangalia viatu vyake, anaondoka. Mwihaki alipouliza kamba wako aje, alijibu, "Wako."

Hawakuwako. Aliporudi nyumbani pampu ilikuwa ikifanya kazi na tangi lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, maji safi, angavu, na juu ya mawe kulikuwa na miili midogo iliyopauka kila mahali, hata yule mwenye mayai, mayai yakiwa bado chini ya tumbo.

"Niliona maji yamepungua," Mugo alisema nyuma yake. "Nikajaza. Ndoo mbili, ya bauza, lile lori linalouza maji. Nilifikiri nafanya vizuri."

"Parsaoti alisema kidogo kidogo."

"Parsaoti aliambia wewe! Mimi aliniambia nini? Mimi najua nini?" Mugo hakuwahi kumpazia sauti tangu waoane. "Wewe ulikunywa ukijua. Mimi nilijaza sijui. Ulijaza tumbo maji ukijua nitarudi jioni nifungue huo mlango. Ulifikiria ni nani atafungua huo mlango?"

Mwihaki hakuwa amefikiria. Alisimama akimtazama mumewe, mtu mzima, amejaa vumbi la kokoto mpaka kwenye nyusi, akilia bila kujificha, na akaona jinsi alivyozeeka.

"Sikufikiria," alisema.

"Najua hukufikiria."

Akachukua kichujio cha chai, akaanza kuopoa wafu. Baada ya kitambo Mugo akaja akamshikia bakuli. Chini ya majani walikuta watatu wanaotembea bado, au wanne. Ilikuwa vigumu kuhesabu, walikuwa wadogo na walijificha. Hawakuzaana. Kabla mwaka haujaisha alibaki mmoja, kisha Mwihaki hakumwona tena, akalimwaga tangi, akalifuta, akampa fundi Wanyama vioo vyake.

Zile nyanya alikuwa amewagawia majirani mapema, alipotoka hospitalini, na walizisifu sana.

Jumatatu moja jioni Mwihaki alipiga tena namba ya Githongo, na safari hii simu ikaita, naye akapokea.

"Mwari wa maitu. Unaendelea aje?"

"Naendelea. Umepanda?"

"Nimepanda. Mvua ni kidogo." Mwihaki alimsikia akipumua, akasikia na mtoto mmoja akilia mbali, huko Illasit. "Umenisamehe?"

Mwihaki alilifikiria swali lile kwa uaminifu, kama alivyojibu la Nalotuesha.

"Bado," alisema. "Lakini usizime simu."

Akamwambia kwaheri, maana kesho yake ilikuwa Jumanne na lazima aamke mapema. Mugo alikuwa tayari amempigia pasi ile blauzi yenye mkono mpana, inayoweza kukunjwa mpaka begani.